Siku ya mbio ikienda kombo: jibu kwa muuguzi wa Moshi anayekwenda Boston

Swali: Shikamoo Kocha. Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, naishi Moshi. Nimepata nafasi ya kukimbia Boston Marathon mwezi wa nne kupitia shirika la hisani ninalolichangishia fedha. Viza ninayo, tiketi ninayo, zimebaki wiki kumi na moja. Kilomita 42 nimezikimbia mara moja tu, hapahapa Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon ya mwaka jana, nikatumia saa 4 na dakika 31. Tumbo lilinishika kilomita ya 28, nikatembea, nikalia. Sasa silali nikiwaza: nitoke huku kote, watu wamenichangia, halafu siku yenyewe iharibike. Nijiandae vipi kwa mabaya? Sitaki kuaibika ugenini.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Nianze na jambo ambalo huenda hukutaka kulisikia: siku yako itaharibika mahali fulani. Itakuwa tumbo, au mvua, au foleni ya choo, au kamba ya kiatu. Miaka yote niliyofundisha wakimbiaji wa Arusha na Moshi, na kote nilikokwenda kukimbia mwenyewe, sijaona kilomita 42 zikaenda kama zilivyoandikwa kwenye daftari. Anayemaliza vizuri hutofautiana na anayemaliza vibaya katika zile dakika kumi zinazofuata baada ya jambo baya kutokea. Hizo dakika kumi ndizo ninazotaka uzifanyie mazoezi.

Boston yenyewe imetupa mfano wa karibuni. Aprili 2025, John Korir wa Kenya alianguka hatua chache tu baada ya kuanza, pale Hopkinton, katikati ya miguu ya wenzake. Namba yake ya kifuani ikachanika. Akainuka, akaichomeka kiunoni kwenye kaptula, akarudi kundini, akatulia. Alingoja mpaka vilima vya Newton, kilomita 30 na kitu mbele, ndipo akaondoka na kushinda kwa saa 2:04:45. Wa pili, sekunde 19 nyuma yake, alikuwa Alphonce Simbu wetu, ambaye Septemba ya mwaka huohuo alikwenda Tokyo akawa bingwa wa dunia. Kila ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hii, wanashangilia kule kuinuka. Mimi navutiwa na zile kilomita 30 za kungoja. Mtu ameanguka, magoti yanawaka, moyo unakwenda mbio kwa hofu, na bado anakubali kukaa kundini kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi sikuweza. Mbio zangu za kwanza Ulaya, begi langu lilibaki njiani kwenye kuunganisha ndege, viatu vikiwa ndani. Nikanunua vingine jioni ya kuamkia mbio. Kilomita ya 9 kisigino kikawa kimeota lengelenge, kilomita ya 10 limepasuka, nikaingia kwenye hema la huduma ya kwanza kufungwa plasta. Dakika tano zikapotea. Nilitoka pale na hasira, nikaanza kuzikimbiza zile dakika. Kwa kilomita saba nilikwenda kasi ambayo sikuwahi kuifanyia mazoezi, napita watu, najisifu moyoni. Nikazirudisha karibu dakika nne. Kisha kilomita ya 29 miguu ikakataa, nikatembea karibu mpaka mwisho. Kidonda kilinigharimu dakika tano. Hasira ilinigharimu zaidi ya arobaini.

Wewe ni muuguzi, utaielewa sababu haraka. Nishati ya mkimbiaji inatoka kwenye mafuta, ambayo ni mengi lakini huwaka polepole, na kwenye glaikojeni, yaani sukari ya akiba iliyo kwenye misuli na ini, ambayo huwaka haraka lakini ni chache. Ukizidisha kasi kidogo tu juu ya uwezo wako, mwili unayaacha mafuta na kuikimbilia glaikojeni. Kilomita saba za hasira zinakula akiba ya kilomita nyingi zaidi za utulivu. Huoni upungufu wakati ule ule. Unauona baadaye sana, ukiwa umeshasahau kosa lenyewe, ndiyo maana wengi husema "nilikuwa vizuri, sijui nini kilinipata."

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote nitakayokuambia: dakika ikishapotea, iandike kuwa hasara, usiiandike kuwa deni. Maji yamemwagika. Ukisimama chooni dakika nne pale Framingham, unatoka na kurudi kwenye kasi ileile uliyokuwa nayo kabla ya kuingia, hata kama rafiki uliyekuwa naye amepotea machoni. Hurudishi sekunde hata moja mpaka uwe umevuka kilima cha mwisho cha Newton. Ukifika juu pale na miguu ingali yako, hapo chukua utakachoweza.

Ninasisitiza Newton kwa sababu njia ya Boston inadanganya, na inawadanganya hasa watu wa milimani kama sisi. Mbio zinaanza Hopkinton, kijijini, zinapita Ashland, Framingham, Natick, Wellesley, Newton na Brookline mpaka mtaa wa Boylston katikati ya jiji. Pa kuanzia pako juu ya pa kumalizia kwa takribani mita 140, na sehemu kubwa ya kushuka huko iko mwanzoni. Kilomita ya kwanza inateremka kwelikweli. Umekaa wiki mbili bila mazoezi mazito, una nguvu, watu wanapiga makofi, barabara inakuvuta. Utasema mbona rahisi. Kumbe kila hatua ya kushuka, misuli ya paja la mbele inafanya kazi ya breki: inavuta huku inarefushwa, na nyuzinyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Hutasikia kitu Ashland wala Natick. Utaanza kusikia kilomita ya 26, barabara inapoinuka kuingia vilima vinne vya Newton, na utasikia vizuri zaidi kwenye kile cha mwisho, karibu na kilomita ya 33, kinachoitwa Heartbreak Hill. Kwa macho ya mtu wa Kilimanjaro kilima chenyewe ni kidogo, hata nusu ya njia ya kwenda Mweka hakifiki. Wanaoshindwa pale wengi walishaharibu mapaja yao kwenye miteremko ya asubuhi.

Dawa unayo nyumbani. Panda daladala mpaka Marangu Mtoni, ukimbie kushuka mpaka Himo kwa lami, pembeni, ukiangalia magari. Hatua fupi, za haraka, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, usijizuie kwa visigino. Mara ya kwanza utashindwa kushuka ngazi siku mbili. Mara ya tatu mapaja yatakuwa yamejifunza, maana msuli ukishachanika kidogo kwa namna hii na kupona, unaivumilia kazi ileile kwa muda wa wiki kadhaa. Fanya kila baada ya siku kumi, na ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya safari.

Halafu kasi. Boston wanahesabu kwa maili: vibao viko kila maili, na alama za kilomita ziko kila baada ya kilomita 5 tu. Usipojiandaa utajikuta unafanya hesabu za kugawanya ukiwa umechoka, na hesabu ya mtu aliyechoka huwa inampendelea. Kwa muda wako wa Moshi, pamoja na joto, mwinuko na kule kutembea, naona saa 4 na dakika 20 inawezekana. Hiyo ni dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita, yaani dakika 9 na sekunde 55 kwa maili. Andika muda wa kila maili ya tano mkononi kwa kalamu isiyofutika. Na kilomita tano za mwanzo, zile tamu, usizikimbie chini ya 6:15. Najua utapitwa na watu wengi sana. Waache.

Sasa nije kwenye asubuhi yenyewe, kwa sababu kwa mtu wa huku matatizo mengi huanza kabla ya mbio. Boston hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, sikukuu yao ya Patriots' Day. Unapanda basi la shule katikati ya jiji, bustani ya Boston Common, linakupeleka Hopkinton. Begi lako la nguo za kubadilisha unaliacha mjini. Halisafiri na wewe. Ukifika unakaa kwenye viwanja vya shule pamoja na maelfu ya watu, ukingoja kundi lako liitwe. Makundi ya mbele huanza saa nne asubuhi, lakini ninyi mlioingia kwa hisani huwekwa nyuma, kwa hiyo unaweza kukaa kwenye majani saa mbili au tatu, kwenye baridi, huku umeshakula kifungua kinywa alfajiri.

Nenda soko la Memorial ununue mitumba: sweta zito, suruali ya mazoezi, soksi nene, glavu za sufu, kofia. Vya bei ya chini kabisa. Utavivaa mpaka dakika ya mwisho na kuviacha pale. Waandaaji huzikusanya nguo hizo na kuwapa wahitaji. Mfuko mkubwa wa takataka, ule mweusi, ununue kulekule, utoboe matundu ya kichwa na mikono: mvua ikinyesha ndio koti lako, majani yakiwa na umande ndio mkeka wako. Viatu vya mbio usivivae mpaka karibu na kuitwa. Nenda na raba kuukuu utakazoziacha. Beba karatasi za chooni zako mwenyewe. Na beba chakula cha pili cha kula saa moja na nusu au mbili kabla ya kuanza: ndizi mbili, au mkate wenye asali, kitu ambacho tumbo lako linakijua.

Kuhusu hilo la tumbo na saa: Boston mwezi wa nne iko nyuma yetu kwa saa saba. Ukianza kukimbia saa tano asubuhi ya kule, Moshi ni saa kumi na mbili jioni. Kwenda magharibi ni nafuu kuliko kwenda mashariki, lakini utaamka saa nane za usiku macho makavu kwa siku tatu za mwanzo. Fika Jumatano, si Jumamosi. Ukiamka usiku usihangaike kulazimisha usingizi, lala tu gizani, simu mbali. Usiku wa kuamkia mbio karibu hakuna anayelala vizuri, hata mabingwa. Usingizi unaohesabika ni wa usiku wa Jumamosi. Na huku nyumbani, mazoezi yako marefu mawili yafanye jioni baada ya kula siku nzima kama kawaida, uone tumbo linasemaje.

Tumbo lako la kilomita ya 28 nalifikiria tangu niliposoma barua yako. Hukuniambia ulikula nini, lakini nitakisia: jeli za nishati, vile vifuko vya sukari laini ya kumeza, ulizopewa siku hiyohiyo, ukazimeza na soda au kinywaji cha nguvu, joto kali, na kasi ya mwanzo iliyozidi. Unapokimbia, damu inaondoka kwenye utumbo kwenda kwenye misuli na ngozi. Utumbo wenye damu kidogo ukipewa sukari nyingi isiyochanganywa na maji ya kutosha, unashindwa kuinyonya. Sukari inavuta maji ndani, tumbo linajaa, linasokota, au linafunguka. Kwa hiyo jeli na maji matupu, kamwe jeli na kinywaji cha sukari kwa pamoja. Moja kila dakika 40 hivi, ukianza mapema, kabla hujachoka. Chagua aina moja leo, nunua za kutosha mazoezi na safari, na kuanzia sasa kila Jumapili ufundishe utumbo wako kuzipokea. Utumbo nao hufunzwa kama mguu. Vituo vya Boston, ambavyo vipo takribani kila maili, hutoa maji na Gatorade, kinywaji cha sukari na chumvi. Kama hujaizoea Gatorade, pita kwenye meza za maji.

Kilimanjaro Marathon ya mwaka huu itakuwa wiki saba au nane kabla ya Boston. Tafadhali usikimbie 42. Kimbia 21 kwa kasi ya Boston, na ichukue kuwa mtihani wa tumbo na nguo, si wa muda.

Likikushika tena njiani? Kichomi cha ubavuni: punguza kasi, toa pumzi ndefu kwa nguvu, bonyeza kwa vidole pale panapouma, kitaachia ndani ya dakika chache. Tumbo la kusokota: tembea kituo kizima cha maji, kunywa mafunda machache, ruka jeli moja, kisha urudi polepole. Tumbo la kuharisha: nenda chooni mara moja, usijadiliane nalo kwa kilomita sita. Mwaka 2018, kwenye mvua na upepo wa baridi kali kuliko tulivyozoea kuona Boston, Desiree Linden wa Marekani alijiona vibaya mapema akadhani ataacha. Akamwambia mwenzake Shalane Flanagan kwamba kama anahitaji msaada aseme. Flanagan alipolazimika kukimbilia choo cha njiani, Linden alipunguza mwendo akamngoja, wakarudi pamoja kundini. Linden ndiye aliyeshinda siku ile. Bingwa wa Boston alipoteza sekunde akimngoja mwenzake atoke chooni; wewe nawe unaweza kuingia bila aibu.

Linden hakuwa na matumaini kilomita ya 10. Hili nakuomba ulibebe. Mwili katika mbio hizi hupanda na kushuka, na jinsi unavyojisikia sasa haitabiri jinsi utakavyojisikia baada ya nusu saa. Nimewaona watu wakiacha mbio kwa ajili ya hali ambayo ingepita ndani ya maili mbili.

Kunywa sasa, na hapa nakuwa mkali. Hofu ya joto la Moshi isikufanye unywe maji kila meza. Kwenye Boston ya 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu, yaani chumvi ya damu, chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani, maana yake walikunywa kuliko walivyotoka jasho, na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Wewe utakaa zaidi ya saa nne. Kunywa kwa kiu. Vidole vikivimba mpaka pete inabana, kichwa kinauma, kichefuchefu, na bado umekuwa ukinywa, usiongeze maji hata tone. Nenda kwenye hema la matibabu. Na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac usizimeze asubuhi ya mbio. Unajua zinavyoyafanya mafigo yenye damu kidogo. Sijui kwa nini wauguzi na madaktari ndio wakaidi zaidi kwa hili, ila nimeliona mno.

Hali ya hewa hutaijua mpaka wiki ya mwisho. Boston imewahi kuwa baridi ya kutetemesha kama ile ya 2018, na imewahi kuwa tanuri. Mwaka 2012 joto lilipita nyuzi 30, waandaaji wakawaruhusu watu waahirishe mpaka mwaka uliofuata. Geoffrey Mutai, aliyekuwa ameshinda mwaka wa nyuma yake kwa 2:03:02, kasi ambayo dunia ilikuwa haijaiona, aliacha njiani kwa tumbo kukaza. Aliyeshinda ni Wesley Korir, kaka wa huyu John niliyekusimulia, kwa 2:12:40. Dakika tisa na nusu nyuma ya muda wa Mutai, na bado ni ushindi! Kwa hiyo asubuhi ukikuta jua, ile 4:20 ifute mkononi palepale Hopkinton. Ongeza sekunde 20 au 30 kwa kila kilomita tangu hatua ya kwanza. Ukikuta mvua ya baridi, paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye ukingo wa sidiria, vaa ule mfuko mweusi hata kilomita kumi za mwanzo ukipenda, na glavu usizitupe mapema. Mikono ikifa ganzi hutaweza hata kufungua jeli.

Kuna jambo ambalo makocha wanaume hulipita, nami silipiti. Safari ndefu, kubadilisha saa na wasiwasi huweza kuvuruga hedhi, ikaja siku ambayo haikuhesabiwa. Beba pedi au kikombe cha hedhi ulichokizoea, weka kimoja kwenye mfuko wa kaptula ndani ya plastiki, vaa kaptula nyeusi. Kama huwa unaumwa chango, zungumza na daktari wako kabla, siyo usiku wa mwisho. Ikija, mpango unabaki uleule. Wanawake wengi wamekimbia vizuri katika siku hizo.

Na begi. Viatu vya mbio, soksi, sidiria, kaptula, jeli za kuanzia na dawa zako viingie ndege ukiwa navyo mkononi. Viatu vivae mguuni kabisa. Chakula chochote unachobeba kitaje forodhani. Nyama na matunda mabichi viache Moshi. Nunua bima ya safari yenye matibabu, usiende Marekani bila hiyo.

Nimefika kwenye lile neno lako, kuaibika.

Sisi Watanzania tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico City 1968, mji ulio mita 2,240 juu ya bahari, misuli ilimkaza kwa uhaba wa hewa, kisha akaanguka kwenye msukumano, goti likateguka, bega likaumia. Alifungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza likiingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake likawa kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu, ilimtuma amalize. Namheshimu mzee yule kwa moyo wangu wote, na najua habari yake itakujia kichwani ukiwa Newton. Lakini nimekaa kwenye chumba cha fiziotherapia miaka mingi, nimepokea vijana waliolazimisha goti au mfupa wa muundi kwa kumkumbuka Akhwari, na wengine hawajarudi kukimbia. Yeye alikuwa na nafasi moja ya Olimpiki ile, na uamuzi ulikuwa wake. Wewe una wodi ya kurudi, na miguu ya kusimama zamu za usiku.

Kwa hiyo tukubaliane sasa, ukiwa umetulia, maana ukiwa njiani hutakuwa hakimu mzuri wa nafsi yako. Uchovu, malengelenge, mapaja kuwaka moto, kutapika mara moja, kulia: unaendelea, hata kwa kutembea. Muda wa mwisho ni saa sita tangu kuanza, na kwa mwendo wa kuchanganya kutembea na kukimbia utafika. Maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kizunguzungu kisichoisha ukisimama, baridi iliyofika mahali ukaacha kutetemeka, au maumivu ya sehemu moja yanayokufanya uchechemee na kuzidi kila hatua: unasimama kwenye hema la kwanza. Ziandike dalili hizi kwenye karatasi, uisaini kama unavyosaini fomu za wagonjwa wako. Ukifikwa na moja kati ya hizo, uamuzi umeshafanyika huku Moshi. Huna haja ya kujadili.

Waliokuchangia waandikie kabla hujaondoka. Waambie fedha zao zimeshafika zilikokusudiwa, iwe utafika Boylston kwa saa nne, kwa saa tano na nusu, au kwa gari la waandaaji. Utashangaa mzigo utakavyopungua mabegani kwa ujumbe mmoja tu wa simu. Na ukitaka kujua jinsi watu wetu wanavyokumbuka, mwangalie Juma Ikangaa. Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, 1989 na 1990, mara tatu mfululizo, na ile ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimwacha kwa sekunde moja tu. Novemba 1989, katikati ya hizo nafasi zake za pili, alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01. Sijasikia mtu akilitaja jina la Ikangaa kwa aibu.

Jipangie malengo matatu na uyajue kwa mpangilio wa kuyaachia. La kwanza 4:20. Likiondoka, kumpita yule wewe wa mwaka jana, 4:31. Hilo nalo likiondoka, kupinda kulia mtaa wa Hereford na kushoto Boylston kwa miguu yako, ukiwa na akili timamu na mkojo wa rangi ya kawaida. Kila moja ukiliachia, liachie mara moja, usilinyemelee tena. Nakwambia kwa upendo, mbio zangu zile za Ulaya nilikuwa na lengo moja tu, na lilipokufa kilomita ya 29 sikuwa na sababu yoyote ya kuinua mguu.

Jumamosi hii, kama huna zamu, anza na Marangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla malori hayajachangamka. Kilomita nane tu kwa mara ya kwanza, jeli moja katikati na maji matupu. Ukifika kilomita ya nne, simama makusudi dakika mbili kamili, kaa chini, fungua kamba za kiatu uzifunge upya, halafu uondoke kwa kasi ileile uliyokuwa nayo. Tazama saa yako kwa kilomita moja inayofuata uone kama umedanganyika ukaongeza. Kisha niandikie Jumatatu, uniambie saa ilisema nini, na ngazi za wodini umezishukaje.